Uamsho Uliopita Dodoma na Kipimo Ulichotuachia

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu ambao bado mnakula ugali na maharage ya bwalo hili:

Kamati ya maandalizi imenitaka niseme machache juu ya huduma za uamsho wa Kikristo, jinsi zilivyokua na jinsi zilivyowaathiri watu wa Afrika. Nimekubali kwa sharti moja. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na Serikali yetu haina dini. Katika bwalo hili wamo Waislamu, wamo Wakatoliki, wamo Waanglikana na Walutheri, na bila shaka wamo wasiokwenda popote siku ya ibada. Kwa hiyo sikuja kuhubiri. Nimekuja kueleza jambo la historia ambalo kwa sehemu lilipita hapa hapa Dodoma, kisha niulize swali moja ambalo hata asiye Mkristo anaweza kuliuliza.

Swali lenyewe ni hili: watu wanapoamshwa kiroho, fedha yao huelekea wapi?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa Ugogo wanaikumbuka miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili kwa mambo mawili. Jambo la kwanza ni Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga kwa matrekta. Ilitumia pauni zipatazo milioni 36. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, mvua zikawa haba kama kawaida yetu, na kufikia mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga zilizovunwa hazikulipa hata sehemu ndogo ya gharama ile.

Jambo la pili halikuwa na trekta wala bajeti. Lilikuwa ni vikundi vya watu wachache waliokutana jioni, wakasoma Biblia, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, kisha kesho yake wakaenda kuyarekebisha. Watu waliwaita Walokole. Wenyewe waliitana ndugu. Huo ndio ulioitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, na ulidumu kuliko matrekta ya Kongwa.

Uamsho huo ulianzia mbali na hapa. Mwezi Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda. Wa pili alikuwa Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi katika kazi za afya. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na ukristo wa jina tu. Walisoma na kusali pamoja kwa siku kadhaa. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini. Yeye alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini katika mwaka huo huo moto ulikuwa umekwisha kushika Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1937 ulifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 kikundi kilifika Katoke, katika nchi ya Bukoba, na kwa njia hiyo ukaingia Tanganyika. Katika miaka ya 1940 ukawa umefika kwetu, katika Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo ilikuwa imeundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia.

Sasa nimtaje mwalimu mmoja. Katikati ya miaka ya 1940 alifika Dodoma kijana Mganda kutoka Kigezi, jina lake Festo Kivengere, pamoja na mkewe Mera. Alikuja kufundisha katika Shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo kwa heshima ya mtemi wa Mvumi, na ambayo majengo yake tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alifundisha pale hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Hakuwa na cheo cha kanisa. Alikuwa mwalimu wa kawaida, mwenye chaki na madaftari ya kusahihisha, na nafasi ya kuhubiri aliipata nje ya saa za kazi.

Yafaa wadogo zangu mjue Kivengere alivyoanza. Aliokoka mwaka 1941, akiwa mwalimu kijana kwao. Kati ya mambo aliyoona yanampasa kuyafanya ni kwenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, amwombe msamaha kwa chuki ile. Alipanda baiskeli akaenda safari ndefu ya milima ya Kigezi kwa ajili hiyo tu. Mkumbuke kwamba ilikuwa zama za ukoloni, na Mwafrika alikuwa na sababu nyingi za kumchukia Mzungu. Yeye hakusema chuki yake haina sababu. Alisema ni mzigo, na mwenye mzigo ndiye anayepaswa kuutua.

Hapo ndipo tunapoona mambo matatu yaliyoufanya Uamsho ukue.

Kwanza, watu walilipa. Mtu akiungama kwamba ameiba, ndugu zake hawakutosheka na machozi. Walimwuliza: umeiba kwa nani, na utarudisha lini? Kwa hiyo zilirudi fedha, zikarudi ng'ombe, zikarudi vifaa vya ofisini na vya hospitalini. Katika Uganda na Rwanda wakubwa wa Serikali ya kikoloni walishangaa kuona watu wakija wenyewe kurudisha vitu ambavyo hakuna mkaguzi aliyekwisha gundua kuwa vimepotea. Angalieni mwelekeo wa fedha ile. Ilitoka mfukoni mwa aliyetubu ikaenda kwa yule aliyeibiwa. Haikupitia kwa mhubiri.

Pili, watu walikuwa sawa. Katika kikao cha ndugu, mmisionari aliketi kwenye mkeka ule ule na mpishi wake, na ilimpasa kuungama hasira na dharau zake mbele ya mpishi huyo. Mume aliungama mbele ya mke. Mama asiyejua kusoma aliweza kumwambia kasisi kwamba hatembei nuruni. Jambo hilo lilizaa viongozi. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa siku moja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudan, na Yohana Omari wa dayosisi yetu hii ya Central Tanganyika. Omari alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika, miaka sita kabla ya Uhuru. Baadaye, mwaka 1965, Gresford Chitemo, ndugu wa Uamsho, akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Morogoro.

Tatu, hapakuwa na mtu mmoja mwenye huduma. Walihubiri kwa vikundi, mmoja akimaliza mwingine anaendelea, na jioni walikaa pamoja kuulizana nani amejivuna siku hiyo. Hapakuwa na kadi ya uanachama, wala ofisi kuu, wala mshahara. Walijulikana kwa salamu yao na kwa wimbo wa Tukutendereza, ambao uliimbwa kila mtu alipotubu, tangu Kampala hadi vijiji vya Mpwapwa.

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu wetu yule alipoondoka Dodoma hakurudi kuwa mtu mdogo. Mwaka 1960, Billy Graham wa Marekani alipohubiri Moshi, aliyesimama kando yake kutafsiri kwa Kiswahili alikuwa Kivengere. Kiswahili hicho alikuwa amekikomaza katika miaka yake ya Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana wa Kizungu wa Afrika Kusini aitwaye Michael Cassidy alikuwa ameanzisha huduma ya African Enterprise kwa ajili ya kuhubiri katika miji mikubwa. Mwaka 1971 Kivengere alianzisha tawi lake la Afrika Mashariki. Mzungu wa Afrika Kusini na Mwafrika wa Uganda kuhubiri bega kwa bega, wakati siasa ya ubaguzi ilikuwa katika kilele chake, lilikuwa ni tendo lenye kusema zaidi ya mahubiri yenyewe. Huduma hiyo ikaenea Kenya, Tanzania, Rwanda, Malawi, Ethiopia, Ghana na kwingineko. Desemba 1976 ikawa miongoni mwa waandalizi wa mkutano mkubwa wa viongozi wa Kikristo wa Afrika uliofanyika Nairobi.

Wakati huo Kivengere alikuwa amekwisha kuwa Askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972, chini ya utawala wa Idi Amin. Wapo waliowalaumu Walokole kwamba hawajali mambo ya dunia. Lakini Februari 1977 maaskofu wa Uganda, naye akiwamo, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa akauawa. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Nampenda Idi Amin". Sisi Watanzania, ambao vijana wetu walikufa Kagera katika vita vya 1978 na 1979, jina hilo si rahisi kulimeza. Hakumaanisha kwamba Amin asizuiwe. Barua waliyoiandika ilikuwa ushahidi wa kutosha. Alimaanisha kwamba hatakubali chuki ya Amin iingie ndani yake ikafanya makao. Ni baiskeli ile ile ya Kigezi, ila safari hii mlima ulikuwa mrefu zaidi. Alirudi Uganda mwaka 1979 Amin alipoangushwa, akafariki Mei 1988.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Hatuna budi kuitazama nusu ya pili.

Mwaka 1941, katika chuo cha makasisi cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa. Walikuwa wakiamka usiku wa manane kusali na kuhubiri, wakawahukumu waziwazi walimu na wenzao, na walipokatazwa wakakataa. Mmoja wao, William Nagenda, alikuja kuwa mhubiri mashuhuri sana. Wadogo zangu mnaopenda habari hii kwa sababu ya Nagenda, waulizeni pia wale wengine 25. Juhudi inayovunja ratiba ya shule huwa na gharama, na si kila aliyeilipa alipata sifa.

Tena, watu walioanza kwa kuungama dhambi zao wenyewe, mahali pengine walikuja kuwa hodari wa kuungama dhambi za wengine. Wakaweka sheria juu ya nguo, juu ya mikopo, juu ya ngoma za jadi. Mwaka 1957, huko Nyanza, kundi kubwa chini ya Matthew Ajuoga lilitoka katika kanisa la Kianglikana, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ugomvi na watu wa Uamsho. Uganda nako ndugu wenyewe waligawanyika, kila upande ukisema mwenzake amelala.

Na liko lililo zito kuliko hayo. Nchi ambayo Uamsho ulichipuka, Rwanda, ndiyo nchi ambayo mwaka 1994 watu wapatao 800,000 waliuawa kwa siku mia moja. Wengine waliuawa ndani ya makanisa. Wapo ndugu waliokataa kuwatenga wenzao wakafa nao, na heshima yao isisahauliwe. Lakini kwa nchi nzima, wimbo haukutosha. Babu akitembea nuruni, mjukuu hazaliwi akiwa ametembea. Kila kizazi huanza upya, kama shamba la uwele ambalo halivuni palizi ya mwaka jana.

Ndugu Mwenyekiti, niingie katika zama zetu. Baada ya Walokole lilikuja wimbi jingine. Kuanzia mwaka 1972, Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliendesha huduma ya maombezi na uponyaji iliyowavuta maelfu, hadi alipofariki mwaka 1975. Yeye alikuwa mlei, na watu wa dini mbalimbali walimwendea. Kisha makundi ya sala ya wanafunzi yakashamiri katika shule za sekondari. Wakaja wahubiri wa mikutano ya hadhara, kama Moses Kulola aliyefariki mwaka 2013, ambaye alizunguka nchi hii miaka mingi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua njia ya redio na televisheni za watu binafsi, na sasa mahubiri yanaingia mpaka kwenye simu ya mkononi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, mji huu umejaa watu, na huduma zimekuja pamoja na watu. Jumapili asubuhi ukitembea mitaani kwetu, kipaza sauti cha huku hakijanyamaza kabla cha kule hakijaanza.

Mengi ya huduma hizo yamefanya mema, na ninayasema kama shahidi. Wapo vijana walioacha pombe na bangi. Wapo akina mama waliopata mahali pa kusema shida zao. Wapo waliosoma kwa sababu mtu aliwaambia wana thamani. Mkutano unahitaji mafuta ya gari, jenereta na vyombo, na mtu akitoa sadaka kwa hiari hakuna wa kumzuia.

Lakini nimekutana na mzazi mmoja ambaye alipeleka ada ya mtoto wake mkutanoni "kupanda mbegu", kwa ahadi kwamba ingerudi mara mia. Muhula ulipofunguliwa mtoto alibaki nyumbani. Nimemsikia pia mtumishi mwenzetu akishuhudia kwa furaha kwamba Mungu amemfungulia milango, na ofisini masurufu aliyochukua miezi minane nyuma bado hayajarejeshwa. Watu wote walipiga makofi. Hakuna aliyemwuliza habari za masurufu.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali langu la mwanzo. Katika Uamsho wa zamani, mtu aliyeguswa alitoka kikaoni akitafuta aliyemdhulumu. Fedha ilielekea nje, kwa jirani, kwa mwajiri, kwa mkopeshaji, kwa Hazina. Katika mikutano mingi ya leo mtu aliyeguswa husogea mbele, na fedha huelekea jukwaani. Kwa mtu wa nje yote mawili yanaonekana ni moto ule ule: nyimbo, machozi, makofi. Tofauti huonekana Jumatatu.

Kwa hiyo wadogo zangu, mkialikwa katika huduma yoyote, iwe ya Kikristo au ya dini nyingine, jiulizeni mambo manne yaliyo rahisi. Je, kiongozi wake naye huulizwa, au yeye huuliza tu? Je, hesabu ya fedha husomwa mbele ya waliozitoa? Je, anayetoa ushuhuda huambiwa akalipe anachodaiwa? Je, mwanafunzi akiingia humo daftari lake linakuwa safi zaidi, au linabaki tupu? Huduma inayojibu vizuri haina haja ya kuogopa maswali. Ile inayowaita wanaouliza kuwa ni maadui wa Mungu, imekwisha jibu.

Na sisi wanafunzi wa zamani, ambao wengi wetu tu watumishi wa umma, tusijifanye watazamaji. Bwana mmoja akirudisha shilingi elfu hamsini za Serikali bila kutafutwa, amehubiri kuliko kipaza sauti. Sharti hili halihitaji dini fulani. Muislamu anajua haki ya mja ni lazima irudi kwa mja mwenyewe. Wagogo, hata kabla ya misheni kufika Mpwapwa mwaka 1876, walijua kwamba aliyemchukulia mwenzake ng'ombe hawezi kumaliza jambo kwa maneno matamu. Sharti ng'ombe aonekane zizini.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki hotuba hii iishie katika makofi nayo. Naomba kutoa hoja mbili. Ya kwanza, chama chetu kinunue daftari za hesabu kwa ajili ya makundi yote ya dini hapa shuleni, ya Waislamu na ya Wakristo sawasawa, na kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule hesabu hizo zisomwe hadharani kila mwisho wa muhula. Ya pili, wale kati yetu wanaodaiwa vitabu vya maktaba ya shule hii, na nawaona wengine wakicheka, wavirudishe au walipe thamani yake kabla ya mkutano wa mwakani. Mtunza maktaba ameniambia orodha anayo.